Masomo yakifungwa, hesabu isifungwe

Wananchi wenzetu, papa na mama, walimu, na zaidi ninyi wadogo wetu wa mwaka wa 7 na wa 8,

Leo hatuandiki juu ya barabara, maji wala umeme. Tunaandika juu ya hesabu. Kuna watu watakaouliza: vijana hawa wanatafuta nini mu kaye ya mtoto? Jibu ni fupi. Mtu asiyejua kuhesabu anaibiwa ku soko, anaibiwa ku kodi, anaibiwa mpaka ku kura. Na katika nchi yetu mlango wa hesabu unafungwa mapema sana, mtoto akiwa na miaka 12 mpaka 14, katika ile miaka miwili inayofuata mwaka wa 6.

Msimamo wetu ni huu: mtoto wa mwaka wa 7 ao wa 8 anaweza kujizoeza hesabu yeye mwenyewe, kila siku, bila intaneti na bila kulipa repetiteri. Anahitaji kuonyeshwa namna. Na sisi vijana tulio na diploma bila kazi, tuko na deni ya kumuonyesha.

Mlango unafungiwa wapi

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Tangu Septemba 2019 neno hilo lilianza kutumika. Wazazi wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mtoto akimaliza mwaka wa 6, mzazi anakuta minervali inamungoja ku mlango wa mwaka wa 7. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema elimu ya msingi ni miaka 8. Kumbe bure inaishia ku mwaka wa 6.

Matokeo yake kila mtaa unayajua. Mzazi hajalipa, mtoto anarudishwa nyumbani Jumatatu. Mzazi anatafuta franga, analipa nusu, mtoto anarudi Alhamisi. Siku tatu zinaweza kuonekana kidogo. Ku hesabu ni nyingi sana, juu kila somo linasimama juu ya lile la mbele. Mtoto aliacha mwalimu anaanza fraksio. Anarudi anakuta wenzake wako mu ekwasio zenye fraksio ndani. Kalasi yenye watoto 60 ao 70 si jambo la ajabu kwetu. Mwalimu hana saa ya kumurudilia mmoja, hata kama anamupenda.

Kisha kuna miaka yenyewe. Mtoto aliyeingia mwaka wa 1 Septemba 2019, pamoja na kile kizazi cha kwanza cha bure, kama hakurudilia kalasi, aliingia mwaka wa 7 Septemba 2025. Hapo katikati alipitia nini? Machi 2020, korona, masomo yakafungwa nchi nzima. Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka, na hapa Goma watu wakakimbia na magodoro ku kichwa kuelekea Sake. Januari 2025, vita vikaingia mu mji, masomo yakafungwa tena. Ongeza siku za mgomo wa walimu, ongeza siku za minervali. Mtoto huyo ako na matundu mu masomo yake, na matundu hayo hakuyatoboa yeye.

Mwisho wa mwaka wa 8 kuna TENASOSP, ule mtihani wa nchi unaosaidia kuamua mtoto aelekee mu seksio gani. Mwenye kuogopa hesabu anajiondoa mwenyewe mbele ya mtu kumuondoa: anaacha sayansi, anaacha umeme, anaacha ujenzi. Ana miaka 14, na tayari nusu ya kazi za dunia hii zimefungwa kwake.

"Hana kichwa ya hesabu"

Hili ndilo neno linaloua zaidi. Mzazi analisema mbele ya jirani, mwalimu analisema mbele ya kalasi, na mtoto mwenyewe anaanza kulisema: "Miye sina kichwa ya hesabu."

Muangalie huyo huyo mtoto ku barabara akiuza karanga. Pakiti tatu, kila moja franka 200. Umemupa 1 000. Mbele umalize kufunga mufuko, amekurudishia 400. Amezidisha, ametoa, na hakukosea, juu akikosea mama atamuuliza usiku. Kichwa iko. Ile inayokosa ni mazoezi, na mtu wa kumuambia kwamba ile hesabu ya karanga na ile ya tablo ni moja.

Tena, watoto wa Kivu wajue kitu kimoja. Mwaka wa 1950, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, alichimbua mfupa mdogo pale Ishango, mahali mto Semliki unatoka mu Ziwa Edward, hapa Kivu ya Kaskazini. Umri wake ni karibu miaka 20 000. Juu yake kuna alama zilizokatwa kwa vikundi, mu mistari mitatu. Leo mfupa huo uko Brussels. Wataalamu bado wanabishana juu ya maana yake: wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine ni mchezo wa namba. Lakini mtoto wa mwaka wa 7 anaweza kuuchunguza sasa hivi na biki yake. Mstari mmoja una vikundi vya alama 11, 13, 17 na 19. Ujumlishe: 60. Mstari mwingine una 11, 21, 19 na 9. Ujumlishe: tena 60. Kisha ujiulize: kati ya 10 na 20, namba gani hazigawanyiki na namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe? Ni 11, 13, 17, 19. Mtu wa hapa kwetu alikuwa anakata alama ku mfupa mbele hata ya kuwa na shule yoyote duniani. Asije mtu kutuambia kwamba hesabu ni mali ya wageni.

Njia sita za kujizoeza

Hizi njia hazihitaji kitu kingine isipokuwa kaye, biki, na dakika 25. Kaye ikiisha, kara la makala na ubao vinatosha: unaandika, unafuta, unaanza tena.

Ya kwanza: kufunga kaye. Watoto wengi wanasoma hesabu sawa vile wanasoma Historia. Wanapitisha macho juu ya mfano wa mwalimu, wanaona "nimeelewa," wanafunga. Siku ya mtihani, mkono hausogei. Fanya hivi: chukua mfano mmoja ambao mwalimu alitatua. Soma kila mstari na ujiulize kwa nini alipita hapo. Kisha funga kaye, uandike tena yote ku karatasi ingine bila kuangalia. Fungua, linganisha. Ulikwama wapi? Hapo njo pa kusoma.

Tuseme mfano ni 3x + 7 = 31. Unatoa 7 pande zote mbili, inabaki 3x = 24. Unagawa kwa 3, x = 8. Ukiweza kuufanya bila kuangalia, badilisha namba: 5x + 4 = 39. Kisha 2x − 9 = 15. Majibu ni 7 na 12, lakini usiyaamini juu tumeyaandika, yapime.

"Lakini sina kitabu cha mazoezi." Utengeneze mazoezi wewe mwenyewe, ukianza ku jibu. Chagua x iwe 6. Izidishe kwa 4, ni 24. Ondoa 5, ni 19. Basi zoezi lako ni 4x − 5 = 19. Andika kumi namna hiyo, umupe rafiki, naye akupe kumi zake. Sasa muko na mazoezi 20 na majibu yote munayo, na hakuna mtu aliyelipa franka hata moja.

Ya pili: kujisahihisha. Mtoto anayengoja mwalimu amuambie "vema" ao "makosa" atangoja mpaka mwisho wa wiki. Hesabu iko na uzuri ambao masomo mengine hayana: inakuruhusu kujipima pale pale.

Ku ekwasio, rudisha jibu lako ndani. Ukipata x = 8 mu 3x + 7 = 31, weka 8: mara 3 ni 24, ongeza 7 ni 31. Imekubali.

Ku kuzidisha, tumia ile preuve par neuf ambayo wazazi wetu walifundishwa. Mfano: 47 × 38 = 1 786. Jumlisha tarakimu za 47: 4 na 7 ni 11, 1 na 1 ni 2. Za 38: 3 na 8 ni 11, tena 2. Zidisha 2 kwa 2: ni 4. Sasa jibu: 1 na 7 na 8 na 6 ni 22, 2 na 2 ni 4. Nne na nne, zinapatana. Zisipopatana, kuna kosa, hakuna mjadala. Lakini angalia: zikipatana, bado unaweza kuwa umekosea. Ukiandika 1 876 mahali pa 1 786, preuve itakubali, juu tarakimu ni zile zile. Kwa hiyo ongeza kipimo cha pili: gawa 1 786 kwa 38 uone kama 47 inarudi.

Ku fraksio, tumia akili ya kawaida. Watoto wengi wanaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, wanajumlisha juu na juu, chini na chini. Simama kidogo. Nusu ya mkate ukiongeza kipande kingine, unaweza kubaki na pungufu ya nusu? Na 2/5 ni pungufu ya nusu. Kwa hiyo jibu hilo haliwezekani, hata kabla ya kujua lile la kweli. Lile la kweli ni 3/6 + 2/6 = 5/6. Mtoto anayejiuliza "je, hii inawezekana?" tayari amepita watu wazima wengi.

Ya tatu: kuchanganya na kurudilia. Ni desturi kufanya mazoezi 20 ya aina moja siku moja, kisha kutoyagusa tena mpaka mtihani. Inaonekana nzuri, juu ku ya 15 mkono unaenda mbio wenyewe. Lakini mkono unaenda mbio juu unajua tayari njia gani ya kutumia. Mtihani haukuambii njia.

Watafiti wawili wa Marekani, Rohrer na Taylor, walipima jambo hilo, wakatoa matokeo yao mwaka wa 2007. Wanafunzi wa kundi moja walifanya mazoezi aina kwa aina. Wa kundi lingine walifanya mazoezi yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, wale wa aina kwa aina walipata 89 kwa 100, wale wa kuchanganya 60. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani: wa aina kwa aina 20, wa kuchanganya 63. Walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, lakini funzo lake linatufaa: ile inayokupa taabu leo njo inabaki mu kichwa kesho. Kwa hiyo kila siku weka pamoja fraksio moja, ekwasio moja, eneo moja, na asilimia moja. Na lile somo la leo, lirudilie kisha siku 3, kisha wiki 1, kisha mwezi 1.

Ya nne: kaye ya makosa. Usifute kosa, usilikwangue, usiling'oe na ukurasa. Tafuta kaye ndogo, ata ile iliyobaki nusu ya mwaka jana. Kila kosa liandike: zoezi, mstari pale ulipopotea, na sababu kwa maneno yako. "Nilisahau alama ya kutoa." "Nilichanganya eneo na kuzunguka." Kisha wiki moja, ulifanye tena bila kuangalia. Kisha mwezi mmoja utaona kwamba makosa yako si mia. Ni manne ao matano yanayorudi na nguo tofauti.

Kosa moja linarudi kwa kila mtu: namba zenye alama ya kutoa. Zichukue sawa deni. Uko na deni ya franka 500 kwa mama wa duka, unapata 300 unamupa: −500 + 300 = −200, bado deni ya 200. Na kwa nini −1 × −4 inatoa 4? Andika ngazi hii: 3 × −4 ni −12, 2 × −4 ni −8, 1 × −4 ni −4, 0 × −4 ni 0. Kila hatua inapanda kwa 4. Hatua inayofuata ni −1 × −4. Ikiendelea kupanda kwa 4, ni 4. Mtoto aliyeona ngazi hiyo hatalazimika kukariri "moins par moins donne plus" sawa vile maombi.

Ya tano: lugha. Hapa njo pa kusema ukweli. Watoto wetu wengi hawashindwi na hesabu. Wanashindwa na Kifaransa cha hesabu. Nyumbani ni Kiswahili, ku soko ni Kiswahili, kisha problème inakuja na "le tiers de", "de plus que", "il reste". Mfano: "Jean a 12 billes. Il a 5 billes de plus que Paul." Paul ana ngapi? Mtoto anaona neno "plus", anajumlisha, anaandika 17. Kumbe Jean njo anamupita Paul, kwa hiyo Paul ana 7.

Dawa ni kaye ya maneno. Mkono wa kushoto Kifaransa, mkono wa kuume maana kwa Kiswahili cha nyumbani. La somme: jumla. La différence: kile kinachobaki ukitoa. Le produit: jibu la kuzidisha. Le quotient: jibu la kugawa. Le double: mara mbili. Le tiers: sehemu moja ya tatu. Le périmètre: urefu wa kuzunguka. L'aire: ukubwa wa eneo. Kila jioni maneno matatu. Na kila problème, mbele ya kuhesabu, uieleze kwa Kiswahili kwa sauti, sawa unamueleza mdogo wako. Ukishindwa kuieleza, bado hujafika ku hesabu. Uko bado ku lugha. Hakuna haya ndani yake. Utajibu kwa Kifaransa, lakini fikiri na lugha inayokutii.

Ya sita: vitu vya nyumbani. Bido ya maji ni litre 20. Tanki ya mita moja kwa mita moja kwa mita moja ni litre 1 000. Bido ngapi zinaijaza? Hamsini. Ukibeba bido 4 kila siku, utahitaji siku ngapi? Kumi na mbili na nusu. Mama amenunua murongo 5 za maharagi, akauza kila moja kwa faida ya franka 300. Akalipa 400 ya nafasi ku soko. Anabaki na ngapi? Parsele ya mita 20 kwa 15 ina eneo la mita 300 za mraba, lakini ukitaka kuizungushia seng'enge utanunua mita 70. Chukua kifuniko cha sufuria, zungusha kamba, pima, kisha gawa kwa upana wa katikati. Fanya na sahani, fanya na kifuniko cha bido. Kila mara utapata 3 na kitu kidogo. Hiyo njo ile pi ambayo mwalimu aliandika ku tablo, na umeigusa na mkono wako.

Dakika 25, na telefone

Ratiba yetu ni nyepesi. Dakika 5 za kuzidisha kwa kichwa; usipokumbuka 7 × 8, anza na 7 × 4 = 28, iongeze mara mbili, ni 56. Dakika 10 za somo la leo, kaye ikiwa imefungwa. Dakika 7 za mazoezi ya kuchanganya. Dakika 3 za kaye ya makosa. Mbele ya jua kuzama, juu umeme hatuuamini. Dakika 25 kila siku, mara 6 kwa wiki, ni saa mbili na nusu. Zina nguvu kuliko saa tano za usiku mmoja mbele ya mtihani.

Na telefone? Hatuikatai. Mwenye mega ao mwenye jirani wa karibu na wifi anaweza kupata masomo ya Khan Academy kwa Kifaransa, bure. Lakini kuna programu zinazopiga picha zoezi na kukupa jibu. Tumia hizo kupima jibu ulilokwisha kupata, kamwe usizitumie kulitafuta. Ku chumba cha mtihani telefone ya papa haitaingia.

Kwa papa na mama

Hatuwaombi mujue ekwasio. Tunawaomba vitu viwili. Cha kwanza: muulize mtoto kila jioni, "Nionyeshe zoezi moja ulilokosea, unieleze kwa nini." Hata kama hamukusoma, mutaona ku uso wake kama anaelewa.

Cha pili ni juu ya mabinti. Kijana anarudi masomoni, anatupa kaye, anaenda ku mpira. Dada yake anarudi, anakuta bido, sahani, mtoto wa kubeba, bugali wa kupika. Anafungua kaye saa tatu ya usiku, macho yamejaa usingizi. Kisha tunasema wasichana hawapendi hesabu. Mumuachilie dakika 25, mbele ya kazi. Kaka yake ana mikono. Bido haina jinsia.

Kwa Serikali, na kwa kila anayeshika madaraka mahali tunapoishi

Mutu asitumie maandishi haya kusema, "Muone, hata vijana wanakubali mtoto ajisomee peke yake." Hapana. Mtoto anajizoeza mwenyewe ili asizame; lakini aliyetoboa mtumbwi bado atajibu. Kujizoeza nyumbani hakuchukui nafasi ya mwalimu. Mtoto hajizoezi kitu ambacho hakuna aliyemufundisha.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Bure ifike mwaka wa 8, juu sheria yenyewe inasema elimu ya msingi ni miaka 8. Walimu wote walipwe, pamoja na wale wa N.P. na N.U. wanaosimama mbele ya tablo bila mshahara wa serikali. Kitabu cha hesabu kimoja angalau kwa kila watoto wawili. Na mtoto asifukuzwe katikati ya somo juu ya minervali: deni ni ya mzazi, na bwana prefe anajua nyumba yake. Kwa wakuu wa shule tunaongeza ombi ambalo halina bei: muache kalasi moja wazi kisha masomo, saa moja tu, kwa watoto wanaotaka kujizoeza pamoja.

Kwa vijana wenzetu wenye diploma

Miye ninayeandika niko na lisansi, na ninabeba dosie kutoka biro moja mpaka ingine sawa vile ninyi. Tunajua uchungu wa kuamka bila mahali pa kwenda. Lakini kati yetu kuna waliosoma fizike, ujenzi, uchumi, pedagojia. Avenyu moja ya Goma, ya Bukavu, ya Butembo ao ya Uvira inaweza kuwa na diploma kumi zinazolala, na watoto ishirini wanaosema hawana kichwa ya hesabu.

Basi tunaomba kila mwanaharakati, na kila kijana anayesoma hapa, achukue watoto watano wa avenyu yake. Wa mwaka wa 7 na wa 8, wasichana wasipungue wawili. Kila Jumamosi saa mbili ya asubuhi, saa moja na nusu, mu parsele ya mtu ao chini ya mti. Musifundishe kalasi upya. Wiki ya kwanza: kufunga kaye na kutengeneza mazoezi. Ya pili: kujisahihisha. Ya tatu: kaye ya makosa na kaye ya maneno. Ya nne: muwaache wafanye wenyewe, ninyi mukae kimya na kuangalia. Mtoto akiuliza "hii ni vema?", mujibu "utajuaje?" Na musipokee franga. Siku mutakapoanza kuomba mia tano, yule mwenye kuhitaji zaidi njo hatarudi.

Kisha mwezi mmoja, ongezeni kazi: kila mtoto wa watano amufundishe mwingine mmoja. Tano inakuwa kumi, kumi inakuwa ishirini. Hesabu hiyo nayo wadogo wetu wataweza kuifanya: kisha miezi mitatu, avenyu moja iko na watoto wangapi?

Wakifunga masomo tena, na tunaomba Mungu wasifunge, wakute watoto wetu tayari wanajua kufanya kazi bila kengele.

Goma, mwanamemba wa harakati, lisansie bila kazi